Toni Mbili Chini

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na nalisema mapema ili mtu asije akalisemea nyuma ya mgongo wangu. Uji wa ngano niliochemsha kugandishia kitabu cha nota za Haydn ulikuwa mwepesi mno, na wiki ile ilikuwa ya mvua, hewa imelowa. Karatasi mbili zikashikana. Nilipoinuka kumfunulia mdogo wangu ukurasa, mbele ya ukumbi uliojaa watu, nikafunua mbili kwa mpigo mmoja.

Asiyeijua kazi hii ataona ni jambo dogo. Mfunua kurasa anakaa kushoto kwa mpiga piano, nyuma kidogo. Havai bangili, hajipaki manukato, hakohoi. Mistari miwili kabla ukurasa haujaisha anasimama, anashika ncha ya juu ya karatasi, anangoja. Mpigaji akitikisa kichwa, anafunua. Ukifanya vizuri hakuna anayejua kwamba ulikuwepo. Ukikosea, ukumbi mzima unakujua mpaka jina la ukoo.

Basi nikangoja mdogo wangu aipokonye karatasi airudishe, kama angefanya mpigaji yeyote mwenye akili zake. Au anikanyage mguu, maana alishanikanyaga kwa makosa madogo kuliko hayo. Hakufanya kitu. Mbele yake zilikuwa nota za sehemu nyingine kabisa, ya mwendo wa mbio, nota zimejazana ukurasa mzima, na yeye aliendelea na zile za taratibu zilizofichwa na gundi yangu, bila kukosa hata moja. Mpiga fidla aliyekuwa anasindikizwa naye hakugundua lolote. Baada ya kama dakika moja na nusu akatikisa kichwa. Alikuwa ananiomba nifunue ukurasa ambao ulikuwa umeshapita.

Nilibaki mkono uko hewani. Nikamtazama macho. Yalikuwa yameelekea kitabuni sawasawa, kama ya mtu anayesoma, lakini hayakuwa yanasoma.

"Tangu lini?" nilimwuliza tulipoingia chumba cha nyuma ya jukwaa.

"Tangu lini nini, Dada?"

"Usinifanye mtoto. Mgongo huu ndio uliokubeba."

Akapapasa kiti, akakaa. "Miaka miwili. Mwaka huu ndio imezidi."

Ilikuwa presha ya macho. Alikwenda kwa daktari peke yake, akapewa dawa ya matone, akaambiwa ni ya kulinda uwezo wa kuona uliobaki, kwa sababu uliopotea haurudi. Matone yenyewe alikuwa anayaficha ndani ya kopo la wembe. Mimi na yeye tunaishi nyumba moja, ukuta mmoja unatutenganisha, na nilikuwa sijui.

"Ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo," alisema. "Na tundu lenyewe linazidi kuziba. Sasa hivi nakuona pua."

"Pua tu?"

"Ni kubwa, Dada. Inatosha."

Nikataka kucheka, nikajikuta nalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akajibu kwamba kifo bado hakijafika. Yeye kaumbuliwa na dada yake na uji wa ngano.

Hapo ndipo mambo madogo ya miaka miwili yalipoanza kupangana kichwani mwangu. Kumbe ndiyo maana siku hizi alipenda kutembea na bega karibu na ukuta. Kumbe ndiyo maana kila mwanafunzi aliyemletea wimbo mpya alimwambia, "Hebu imba kwanza peke yako, nisikie moyo wako uko wapi." Wanafunzi walimsifu kwa hilo. Walisema mwalimu gani mwingine anakuuliza moyo wako uko wapi. Yeye alikuwa anaiba wimbo kwa masikio, na akiusikia mara mbili ameshaushika. Zile nyingine, nyimbo ambazo waimbaji huimba mwaka nenda mwaka rudi, alikuwa nazo vidoleni tangu ujana.

Lazima niseme tulikotoka, la sivyo mtu atajiuliza kwa nini watu wazima wawili walifanya upumbavu tulioufanya.

Baba yetu alikuwa mfagiaji wa chuo cha muziki, hiki hiki tunachofanyia kazi sisi. Kwenye ujia mrefu wa ghorofa ya kwanza kulikuwa na picha za watunzi wakubwa, kila mmoja ndani ya fremu ya mbao, na kila Jumatano alizifuta vumbi. Alikuwa akitupeleka pamoja naye, na kwa sababu hakujua kusoma majina yao vizuri, aliwapangia ukoo. Bach alikuwa Babu, kwa kuwa aliwasikia walimu wakisema wote wametoka kwake. Haydn alikuwa Baba Mkubwa, mpole, mwenye mizaha. Mozart alikuwa Shemeji: anakuchekesha, anakuchekesha, halafu bila taarifa anakuliza. Beethoven alikuwa Mjomba, mgomvi, kiziwi, lakini ukipatwa na shida ndiye wa kwanza kufika. Na Schubert, aliyekufa na miaka thelathini na moja na nyimbo zaidi ya mia sita, alikuwa Kitinda Mimba wetu. Baba alisimama mbele ya kila fremu na kitambaa mkononi na kutuambia, "Msalimieni." Nasi tukaamkia. Nimemwamkia Bach shikamoo kabla sijajua kusoma.

Halafu tulikaa chini ya ngazi tukasikiliza. Kila chumba kilikuwa na mtu anafanya mazoezi, na sisi tulijua huyu ni Shemeji, yule ni Mjomba, kabla hata mpigaji hajafika mstari wa pili. Sijui kama kuna mtoto amewahi kuwa na ndugu wengi kiasi hicho.

Mwalimu mmoja akaona. Akamwambia Baba atamfundisha mtoto mmoja, bure. Mmoja. Baba alitutazama sote wawili, mimi wa miaka kumi na mdogo wangu wa sita, akasema, "Mfundishe wa kiume. Huyu wa kike atasimama karibu." Nikasimama karibu. Nilijifunza kusoma nota kwa kutazama juu ya bega la mdogo wangu, na nilizisoma vizuri kuliko yeye, lakini mikono yangu haikuwahi kuguswa na mwalimu. Mimi nikawa mtunza nota wa chuo, Mama Nota wanavyoniita, nashona vitabu vilivyochanika na kubandika pembe zilizoliwa. Yeye akawa msindikizaji, yule anayepiga piano nyuma ya waimbaji. Sasa nina miaka hamsini na nane na bado nimesimama karibu. Nilimwonea wivu? Nilimwonea sana. Lakini akipiga yeye ilikuwa kama nimepiga nusu, na nusu hiyo sikuwa na kingine mahali pake.

Nyumbani hatuna piano, hatujawahi kuwa nayo. Tuna meza. Piano aliyoruhusiwa kuigusa maisha yake yote ni ya chuo, na aliruhusiwa kwa sababu ya kazi. Kazi ikienda, piano inaenda. Piano ikienda, sijui kwenye chumba chake ng'ambo ya ukuta angebaki nani.

Siku nne baada ya lile tamasha, Mkuu wa chuo, mama mmoja mpya aliyekuja na mwendo wa haraka na daftari kubwa, akabandika tangazo. Wasindikizaji wote wangepimwa. Kila mmoja atawekewa wimbo ambao hajauona, atapewa nusu dakika ya kuutazama, kisha ataupiga pamoja na mwimbaji. Mdogo wangu alinitaka nimsomee tangazo mara mbili. Mara ya pili alikuwa amejishika ukutani.

"Mwambie Mkuu ukweli," nilisema.

"Atanipa pole na barua."

"Huenda asikupe barua."

"Dada, nani anaajiri msindikizaji asiyeona nota? Ungekuwa wewe, ungemweka?"

Nilinyamaza. Ningekuwa mimi, na ni ndugu wa mwingine, sijui. Huo ndio ukweli, na kunyamaza kwangu ndiko kulikotumaliza.

Keshoye Mkuu aliingia kwangu, stoo ya nota, akafunga mlango. "Mama Nota, nichagulie nyimbo tatu za Schubert, za sauti ya juu, ambazo hazijaimbwa hapa miaka ya karibuni. Zitie kwenye bahasha, uifunge, uniletee wewe mwenyewe siku ya mtihani asubuhi. Sitaki mtu mwingine azione."

Alinitazama usoni alipokuwa anasema. Hakunipa onyo, hakunitishia. Aliniamini tu, akaondoka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nilikuwa na siku kumi na nne. Kila mchana, wengine walipokwenda kula, tulijifungia chumba cha mazoezi namba saba chenye piano mbovu ya kanyagio linalolia, na mimi nikamsomea zile nyimbo tatu. Mkono wa kulia kwanza, kipimo kwa kipimo, kipande kidogo cha mstari baada ya kingine: fa shapu, la, re, inashuka. Kisha wa kushoto. Kisha wapi pa sauti ndogo, wapi mwimbaji anavuta pumzi, wapi ukurasa unaishia ili atikise kichwa kama mtu anayeona. Hilo la kichwa nilisisitiza mimi mwenyewe. Nilijiona mjanja.

Kusomea mtu Schubert ni kama kumsimulia mtu sura ya mama yake. Unaweza kutaja pua na macho, lakini siyo hivyo vinavyomfanya awe mama yake. Mara nyingi nilimtajia nota sahihi naye akazipiga sahihi, kisha akatulia, akasema, "Kitinda Mimba hakusema hivyo." Alirudia, na safari hii nilihisi nywele za mikono zinasimama. Sikuwa nimemtajia kitu kipya. Alijua tu.

Siku nyingine tuligombana mpaka nikatupa kitabu. Alikuwa amekosa kipimo kilekile mara tisa, nami nikamwambia angekuwa amenifundisha mimi yule mwalimu, leo tusingekuwa hapa. Aliondoa mikono kwenye piano. Kisha akasema polepole, "Najua. Nimelijua hilo tangu nina miaka kumi." Sikutegemea. Nilikiokota kitabu, tukaendelea na kipimo kile.

Nyumbani alikula huku mkono mmoja uko mezani unapiga. Alilala kidogo sana. Jioni moja, hata haijawa giza, aliniambia taa imezimika. Taa ilikuwa inawaka. Nikasema ndiyo, umeme umekatika, na nikaizima ili nisiwe mwongo. Tukakaa hivyo.

"Babu naye alipofuka," akasema. "Uzeeni. Wakampasua macho, hakupona."

"Na Mjomba alikuwa kiziwi. Lakini hao hawakupangiwa mtihani na mkuu wa chuo."

Akacheka kidogo. Kisha akauliza, "Dada, wakinifukuza, nitaifanyia nini hii mikono?" Aliiweka juu ya meza, viganja juu, kama anayenipa niitunze. Nilimwambia akalale.

Kufika siku ya kumi na tatu, nyimbo zote tatu alikuwa nazo. Wa tatu, wenye shapu mbili, zile alama za kupandisha nota, mwanzoni mwa mstari, ndio alioupenda, akaupiga mara tano mfululizo na hakutaka kutoka. Nilirudi stoo, nikazitia karatasi kwenye bahasha ya kaki, nikalamba gundi, nikaifunga. Usiku huo nilimwomba Mungu Mkuu auchague wa tatu. Kama ningejua, ningemwomba mengine.

Asubuhi ya mtihani nilimkabidhi Mkuu bahasha mkononi, nikamshukuru alipokuwa ananishukuru. Zamu ya mdogo wangu ilikuwa ya nne, baada ya chakula cha mchana. Tuliingia ukumbini yeye mbele mimi nyuma, kama tulivyofanya mazoezi: hatua kumi na mbili mpaka pembe ya piano, mkono wa kushoto unagusa kifuniko, unazunguka, unakaa. Alifanya vizuri hata mimi nilikaribia kuamini. Mkuu alikaa meza ya pembeni pamoja na mwalimu wa nadharia, mzee mmoja mwenye methali ya kila jambo.

Mlango wa nyuma ukafunguka, viatu vya kike vikagonga sakafu, mwimbaji akaja kusimama mbele ya piano. Mdogo wangu akamwinamia kichwa kumsalimu. Mimi nikamwona. Hakuwa mwimbaji wa sauti ya juu tuliyemtegemea. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, msichana mwenye sauti nene ya chini, anayeweza kuimba chini karibu na wanaume.

Baadaye nilisikia kwamba mwimbaji wa sauti ya juu alikuwa ameamka hana sauti, na Mkuu, kwa ufunguo wake wa akiba, alikuwa ameingia stoo mwenyewe kuchukua toleo la sauti ya chini la nyimbo zilezile. Hakuona haja ya kunieleza. Kwa mtu anayesoma karatasi iliyo mbele yake, hakuna cha kueleza.

Mkuu aliiweka karatasi kwenye piano. Ulikuwa wimbo wa tatu, na mwanzoni mwa mstari kulikuwa na flati mbili, alama za kushusha nota.

Kwa wasiojua: wimbo ni uleule, nota zote zimehamishwa chini ili mwimbaji wa chini aufikie. Kutoka shapu mbili mpaka flati mbili ni toni mbili chini. Mdogo wangu alikuwa na shapu mbili vidoleni, moyoni, mpaka kwenye mifupa, na hakuna aliyemwambia.

"Nusu dakika," alisema Mkuu.

Ukumbi ukanyamaza. Hata sindano ingeanguka wangeniuliza ni ya nani. Mdogo wangu aliinamia karatasi, akajifanya anasoma, akakunja na uso kidogo, maskini, kama tulivyopanga. Mimi nilikuwa nyuma ya bega lake nikiwa na maneno matatu tu mdomoni na sina pa kuyatolea. Nikakohoa. Nikamkanyaga mguu, mara mbili, kwa toni mbili, kama vile angeweza kuelewa. Alitabasamu. Alidhani nampa moyo. Hofu niliyoipata katika ile nusu dakika sitaki kuipata tena, hata siku ya kufa.

Akainua mikono, akaanza.

Shapu mbili. Nzuri, safi, na siyo iliyoandikwa pale. Nilimwona msichana akigeuza shingo. Mwanzo ule una vipimo vinne vya piano peke yake kabla mwimbaji hajaingia. Kipimo cha kwanza kilikuwa kinaisha. Nikainama sikioni kwake, na mfunua kurasa hasemi, sijawahi kusema tangu nianze kazi, nikasema, "Shusha. Toni mbili chini."

Sikumwona akishtuka. Mkono wa kushoto ulipita nota mbili ambazo Schubert hakuziandika, ukafungua njia kama mtu anayesogeza pazia, na kufikia kipimo cha tatu wimbo wote ulikuwa umeshuka, umetulia mahali pake, na msichana akavuta pumzi akaingia. Kuhamisha wimbo mzima hapohapo, huku mtu anaimba, bila karatasi! Wapo wapigaji wenye macho sita wasioweza. Nilisimama pale machozi yananitoka, najivuna, na huku najua tumekwisha, kwa sababu hakuna anayesoma flati mbili akaanza kwa shapu mbili.

Halafu akatikisa kichwa.

Toleo la chini halina kurasa zilizopangwa kama la juu. Kwenye karatasi ile bado kulikuwa na mstari mzima na nusu. Mkuu alikuwa ameshainuka, amekuja kusimama nyuma yetu, na macho yake yalikuwa kwenye karatasi ileile niliyokuwa nimeishika. Nilikuwa na nafasi ya kungoja. Ningengoja, nikafunua panapostahili, labda mtu angesema lile la mwanzo lilikuwa bahati mbaya. Lakini miaka yote nimetii kichwa chake, siyo karatasi. Nikafunua.

Waliumaliza wimbo. Msichana alikuwa analia na hakujua kwa nini. Mkuu akasema, "Sijawahi kusikia wimbo ukisindikizwa vizuri namna hii. Na hukuusoma."

Mdogo wangu aligeuka kumjibu. Aligeukia upande ambao Mkuu hakuwepo. Akakitazama kiti kitupu kwa heshima zote akakiambia, "Ndiyo, Mkuu."

Ndipo Mkuu alipoelewa mambo yote mawili: kwamba haoni, na kwamba wimbo aliujua kabla ya mtihani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bahasha uliniletea imefungwa, Mama Nota."

"Niliifunga baada ya kumsomea."

"Nilimwomba mimi," alisema mdogo wangu.

"Hakuniomba. Nilifanya mwenyewe."

Mkuu alivua miwani akajisugua uso. "Kwa nini hamkuja kwangu? Nimekaa na watu wasioona wanapiga piano mpaka unasahau kuuliza. Ningekwenda kwenye bodi kumtetea. Ningesema tumsomee nyimbo mpya wiki moja kabla, basi, yamekwisha. Msindikizaji asiyeona naweza kumtetea. Mtihani ulioibiwa nautetea vipi? Na hawa wengine watatu waliofanya kwa haki niwaambie nini?"

Angekuwa mtu mbaya ningemchukia, na chuki ingenisaidia kutembea. Hakuwa mbaya. Alisema kazi yetu sote wawili imekwisha, atachukua funguo zangu za stoo saa kumi, na kwamba mpaka saa hiyo ukumbi hauna mtu, kama mdogo wangu anapenda kuipiga ile piano kwa mara ya mwisho. Mwalimu wa nadharia, akiwa anatoka, alimpigapiga bega akasema kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Ningekuwa na koleo karibu, ningeonyesha kwamba bado linafanya kazi.

Tukabaki wawili. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na nusu.

"Piga," nilimwambia. "Piga chochote. Piga mpaka waje kutufukuza."

Alikuwa amesimama, mkono juu ya kifuniko. Akatikisa kichwa kukataa. "Kaa wewe."

"Nikae wapi?"

"Pale ninapokaa mimi."

"Acha mzaha. Sijui kupiga."

"Unajua kila kitu isipokuwa kukaa. Dada, nimekukalia mahali hapo tangu nina miaka sita. Kaa."

Nilikwenda nikachukua kitabu cha Babu, vile vijipande alivyowaandikia wanafunzi, ambavyo nimevishona mara tatu kwa uzi wangu. Nikakaa. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Yeye alizunguka akipapasa, akasimama kushoto kwangu, nyuma kidogo, mahali pangu. Vidole vyake vikatafuta kitabu, vikapanda mpaka ncha ya juu ya karatasi, vikaishika.

Nilianza, kidole baada ya kidole, kama mtu anayechambua mchele. Ilikuwa mbaya. Nota nilizozijua karibu miaka hamsini zilitoka zikichechemea, moja leo moja kesho, na mkono wa kushoto ulifika umechelewa kila mahali. Hakunisahihisha. Nilimsikia akihema. Mstari wa pili, wa tatu, wa nne; Babu alikuwa pale, amechakaa, lakini alikuwa yeye. Nilikuwa nalia na sikuweza kujifuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Nikafika mwisho wa ukurasa, nikatikisa kichwa, kama alivyonitikisia yeye maisha yetu yote. Aliendelea kusimama, karatasi iko vidoleni, anangoja. Ikabidi niseme, "Sasa."